Bakary wa Vidole Kumi

Barua haikuwa na jina la mwandishi, na Sajini Sebastiani alizichukia barua za namna hiyo kuliko homa. Mtu una neno, njoo ulitoe, ukae kitini, unywe maji, uulizwe. Lakini hii ilikuwa imepita mezani kwa Bwana Inspekta ikashuka kwake, na chini yake Inspekta alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Alhamisi, saa sita mchana. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

Ilisema kwamba Bakary Namwinga, fundi seremala wa mtaa wa Ndoro anayegombea kiti cha Baraza la Mji wa Lindi, ni mfungwa wa zamani. Aliua mtu kijijini Milola mwaka wa thelathini na nne. Serikali ikitaka ukweli, ifungue madaftari yake yenyewe.

Sheria ya uchaguzi mwaka ule wa hamsini na tisa haikuwa na maneno mengi: aliyewahi kufungwa zaidi ya miezi sita hagombei. Alhamisi saa sita orodha ya wagombea ingefungwa. Kiti kile kilikuwa na wagombea wawili tu, Bakary na mwenye maduka mmoja ambaye nyumbani kwake maji yalitoka ukutani. Bakary hakuwaahidi watu wa Ndoro mambo mengi. Aliwaahidi bomba. Wanawake wa Ndoro walichota maji ya kisima chenye chumvi, na masika yaliyopita mtaa ulizika watoto tisa kwa ugonjwa wa kuhara. Akiondolewa Bakary, yule mwingine angepita bila kura hata moja kupigwa, na watu wa Ndoro wangeendelea kunywa kile walichokuwa wakinywa.

Basi Sebastiani akaenda gerezani, akaomba daftari la mwaka wa thelathini na nne. Karani akalileta limejaa vumbi, akalipangusa kwa kofia yake. Ukurasa ukapatikana bila taabu, jambo ambalo lilimuudhi Sajini, maana moyoni alitamani usipatikane. Kitanda alicholalia yeye na mkewe Yustina kilitoka mikononi mwa Bakary huyo huyo.

Bakary Namwinga, Mmwera, wa Milola. Alimuua Tawakali Mchopa kwa panga, mwezi wa nane, katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Miaka saba. Umri, kadiri ya arobaini. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakipo. Ametoka mwaka wa arobaini na moja.

Sebastiani akanakili neno kwa neno. Halafu akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. Mtu wa miaka arobaini wakati ule, leo ana sitini na mitano. Bakary anayemjua yeye hakuwa na mvi hata moja.

Alimkuta karakanani, anapiga randa mlango wa mninga.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Sajini. Kitanda kimelegea?"

"Kitanda kizima. Nimekuja kwa shughuli ya serikali."

Bakary akamsogezea kigoda, yeye mwenyewe akabaki amesimama. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini. Ukimtazama vizuri utasema ana miaka thelathini na sita, saba, haizidi hapo.

"Jina lako nani?"

"Si unalijua."

"Nataka ulitaje wewe."

"Bakary Namwinga, wa Milola."

"Mwaka wa thelathini na nne ulikuwa wapi?"

Randa ikasimama. Bakary akaondoa maranda yaliyonasa kwenye chuma, akayaangusha chini moja moja.

"Milola," akasema. "Kisha gerezani."

"Kwa kosa gani?"

"Nilimuua Tawakali Mchopa."

Sebastiani alikuwa amehoji wauaji kumi na mmoja katika kazi yake, na hapana hata mmoja aliyemjibu hivyo kwa swali la kwanza. Wote huanza na Wallahi.

"Weka mikono hapo juu ya mlango."

Bakary akaiweka, viganja chini, vidole vimeachana. Sebastiani akavihesabu kwa macho, kisha kwa aibu akavihesabu tena kwa ncha ya penseli. Kumi.

"Bakary aliyefungwa alikuwa na vidole tisa."

"Ndiyo. Kimoja kilikwenda na mashine ya mkonge, kabla ya kufungwa."

"Na hiki ninachokigusa?"

"Kidole."

"Unanifanyia mzaha, fundi?"

"Sithubutu. Umeuliza nimejibu. Andika."

Kabla Sebastiani hajapata la kusema, mlango wa uani ukafunguka, akatoka bibi mmoja wa miaka sitini na ushei, ameshika sinia la kahawa. Akapiga goti mbele ya Bakary, akasema, "Kaka, kahawa yako." Bakary akapokea akasema, "Asante, Moza." Hivyo hivyo, jina tupu, bila shikamoo. Sebastiani alikuwa Mngoni wa Songea, kalelewa misheni, na kwao kijana angesema vile kwa mama mzima angepigwa kofi na mpita njia.

"Huyu ni nani wako?"

"Dada yangu."

Sebastiani akaandika: dada, zaidi ya miaka sitini. Akapiga mstari chini yake, akaaga.

Njia nzima hadi kituoni aliyageuza yale maneno. Kidole hakioti upya. Kwa hiyo mtu wa karakanani siye wa daftarini. Lakini anajiita yule, anakiri kosa la yule, na kuna bibi anayeapa kwa magoti kwamba ni kaka yake. Sasa Bakary wa vidole tisa alitoka gerezani mwaka wa arobaini na moja akaenda wapi? Mtu gani anaiba jina la muuaji? Mtu anayeficha kubwa kuliko kuua, au aliyemuua mwenye jina. Sebastiani aliipenda dhana hiyo. Ilikuwa na kichwa na miguu, na ilimpa usingizi mzuri usiku ule. Haikuwa na ukweli ndani yake hata chembe.

Jumanne asubuhi akapanda lori la chumvi, saa nne likamshusha Milola, kiuno kikimuuma. Akaulizia mtu wa rika la Bakary. Wakamwelekeza kwa Yahya, fundi cherehani, aliyekuwa kibarazani kwake akishona kanzu.

"Bakary wa Lindi?" Yahya akasema bila kuacha kukanyaga cherehani. "Namjua kama ninavyojijua. Tuliingia jandoni siku moja, mwaka wa nzige."

"Mwaka wa nzige ndio upi?"

"Si mwaka ule alioua."

"Nani aliua?"

"Bakary."

Sebastiani akainua penseli. "Alitahiriwa na kuua katika mwaka mmoja?"

Yahya akacheka mpaka uzi ukakatika. Akaanza kuutunga upya sindanoni, mabega bado yanamtikisika. "Bwana Sajini, kwenu wapi?"

"Songea."

"Ahaa. Pole. Basi sikiliza. Mtoto niliyelala naye kumbini aliitwa Maftaha. Bakary alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Mjomba ndiye aliyempeleka jandoni, na tukiwa kumbini, vidonda havijakauka, tukasikia kwamba mjomba kamuua Tawakali. Akafungwa. Alipotoka kifua kilikuwa kimekwisha, hakufika hata huku, alifia Lindi kwa jamaa. Siku ya arobaini wazee wakamkalisha Maftaha kwenye mkeka wakamfunga kilemba, wakampa jina. Kwetu mpwa ndiye mrithi. Harithi shamba tu, anarithi mtu."

"Halafu?"

"Halafu nini? Toka siku ile Maftaha hayupo. Yupo Bakary. Watoto wa marehemu wanamwita baba. Mama yake mzazi anamwita kaka."

"Moza," akasema Sebastiani polepole.

"Ndiye aliyemzaa."

Sajini akaiweka penseli gotini. Dhana yake ya jana ilikuwa imeanguka chali, na hakusikitika. Alifurahi, kwa kweli. Kitoto cha miaka kumi na moja, kumbini, kinanuka dawa za ngariba, hakiwezi kumkata mtu panga shambani. Mgombea hana hatia. Ndoro watapata bomba lao.

"Kwa hiyo hakuua."

"Maftaha hajaua hata kuku," akasema Yahya. "Bakary ndiye aliua."

Hapo ndipo Sebastiani alipopaswa kufunga daftari. Lori lilikuwa bado linapakua, angeweza kurudi nalo. Lakini alikuwa amefundishwa, na kuwafundisha wengine, kwamba shahidi mmoja ni nusu ya shahidi. Akauliza kama mjane wa Tawakali yu hai.

Sura ya Yahya ikabadilika. "Bi Samia yu hai. Ila kule usiende na maswali haya."

"Kuuliza si ujinga."

"Ndivyo wasemavyo. Hawajasema kuuliza si hatari."

Sebastiani akaenda.

Bi Samia alikuwa uani anamenya mihogo. Juu ya paa wanawe wawili walikuwa wakiezeka. Mkubwa, Mchopa, aliyebeba jina la babu yake, alikuwa akifunga, na mdogo akimpa makuti kutoka ukingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akakaa. Akasalimia vya kutosha, akauliza habari za mvua, za mihogo, za mgongo wake. Kisha akauliza alichokuja kuuliza. "Mama, yule Bakary aliyeko Lindi, ndiye aliyemuua mzee?"

"Ndiye."

"Lakini aliyemuua alikuwa na vidole tisa."

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Juu ya paa nako hapakusikika tena kamba kuvutwa.

"Alikuja hapa," akasema Bi Samia, "mwaka ule aliofungwa kilemba. Akakaa chini, hapo ulipoweka viatu vyako. Akasema, Samia, nilimuua mumeo, nisamehe. Tukasoma Fatiha. Tukakoroga unga wa mtama katika maji, akanywa, nikanywa, na hawa wakanywa. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha anakuja, analima shamba la Tawakali siku tatu kwa mikono yake, halafu anarudi Lindi kwenye mbao zake. Miaka kumi na minane. Wewe leo unaniuliza kama ndiye."

"Nauliza tu, mama. Ni kazi. Alhamisi orodha ya wagombea inafungwa bomani."

"Kama siye, nani aliyeniomba msamaha?"

Sebastiani akavisogeza viatu vyake kando.

"Kama siye, damu ya baba yao haijaombewa na mtu. Na mtoto wa Namwinga yeyote akipita njia hii, nitawaambia nini hawa?" Akaelekeza kisu juu, bila hasira, kama anavyoonyesha mtu tundu la paa. "Walikuwa wadogo. Sasa wamekua."

Sebastiani akaaga. Hakuwatazama wale wa paani, ila alijua wanamtazama.

Jumatano asubuhi Inspekta alisoma ripoti yote, kurasa nne. Hakuwa mtu mbaya, Mzungu yule. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kigumu lakini kizima.

"Mjomba amekufa na mpwa amekuwa mjomba," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Mahakamani neno hili halisimami. Lakini kidole ni kidole, na umri ni umri. Huyu siye. Mimi nakubali. Shida yako ni moja, Sajini. Hapa umeandika kwamba yeye mwenyewe anasema ndiye."

"Anasema kwa mila, Bwana."

"Basi aseme kwa sheria. Nitaandika mistari miwili kwamba siye mtu wa daftari lile. Kesho kabla ya saa sita atie saini mbele yangu, na jina lake libaki. Sihitaji zaidi ya hapo."

Sebastiani akaenda Ndoro alasiri ile na moyo mwepesi kidogo. Bakary akamsikiliza hadi mwisho.

"Unataka nimkane mjomba wangu."

"Nataka useme jambo moja la kweli."

"Kweli yako na kweli yangu hazilali kitanda kimoja, Bwana Sajini."

"Fundi, mtaa huu unakunywa chumvi. Masika mlizika watoto tisa. Wewe ulitengeneza majeneza mangapi?"

"La kubebea ni moja, la msikiti. Nililitengeneza mimi, ndiyo." Mlangoni Moza alikuwa amesimama na kanga mdomoni. Bakary akamgeukia Sajini. "Karatasi hiyo imeandikwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Itakaa wapi?"

"Kabatini kwa Inspekta."

"Milola itasomwa?"

"Nani aisome Milola?"

Bakary akamtazama mama yake, na yule mama akainama. "Ulipokwenda kule ulizungumza na nani?"

"Na Yahya, fundi cherehani."

Sebastiani akakomea hapo, Bi Samia hakumtaja. Kwa nini alikomea, hata mwenyewe asingeweza kukueleza. Aliogopa tu yule mtu asirudi nyuma, na kesho ilikuwa karibu sana. Aliona haya papo hapo, lakini hakufungua mdomo.

"Yahya ana akili," akasema Bakary. "Haya. Kesho nitatia saini. Mungu anisamehe, na mwenye jina anisamehe."

Alhamisi saa tano na nusu alikuwa bomani, amevaa kanzu, koti jeusi juu yake. Karatasi ilikuwa mezani. Karani wa uchaguzi alikuwa na orodha yake, na milango ilikuwa wazi pande zote mbili, maana sheria ilitaka shauri la mgombea lisikilizwe hadharani. Karani akasoma ile mistari miwili kwa Kiingereza, kisha, kama ilivyompasa, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika nje: Mimi siye Bakary Namwinga aliyefungwa kwa kumuua Tawakali Mchopa.

Sebastiani hakuwa amelifikiria hilo. Alijua karatasi ni ya Kiingereza. Hakukumbuka kwamba itasomwa.

Lakini Bakary alikuwa tayari ameshika kalamu. Akaichovya, akauweka mkono mahali alipoonyeshwa, akainua macho kutafuta nuru. Macho yake yakapita mlangoni hadi barazani. Pale kwenye benchi la mashahidi walikuwa wamekaa wanaume wawili wamevaa nguo safi, kofia za kufuma kichwani, mikono magotini. Lori la asubuhi lilikuwa limewaleta. Hawakushika hata fimbo. Askari wa mlangoni alikuwa amewauliza wanataka nini, na Mchopa akamjibu kwa adabu, "Mama katutuma tusikilize."

Kalamu ikakaa hewani. Tone la wino likaangukia kanzu.

"Bwana Sajini," akasema Bakary, kwa sauti ya kusikiwa na watu wawili tu, "uliniambia Yahya."

"Nilikuambia Yahya."

"Basi."

Hakumfokea. Sebastiani angetoa mshahara wa mwezi ili afokewe. Alitaka kumwambia kwamba angeweza kulimaliza jambo lile kwa shahidi mmoja, kwamba hapana aliyemtuma kwa Bi Samia, kwamba bila maswali yake wale wawili wangekuwa sasa hivi juu ya paa lao huko Milola wakifunga makuti. Yote yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu.

"Kuna nini?" akauliza Inspekta.

Bakary akailaza kalamu juu ya meza, taratibu, kama chombo cha kazi. "Bwana, niulize kwa mdomo."

Inspekta akamtazama Sebastiani, akamtazama yeye. "Wewe ndiye Bakary Namwinga aliyefungwa mwaka wa thelathini na nne?"

"Ndiye." Akageuza uso kidogo kuelekea mlangoni, na sauti yake ya chini akaipandisha. "Nilimuua Tawakali Mchopa."

"Bwana," akasema Sebastiani, "mtu huyu alikuwa mtoto. Ripoti unayo. Shahidi ninaye, nimlete kwa gari leo hii."

"Saa sita kasoro dakika kumi, Sajini."

"Bwana, unajua kwamba siye."

"Najua." Inspekta alikuwa ameiva masikio. "Mimi najua, wewe unajua. Yeye amekiri mara mbili, leo mbele ya watu. Nimwandike nini? Nimfunge kwa kusema uongo juu ya nafsi yake?" Akamgeukia Bakary. "Fundi, nakuuliza mara ya mwisho."

"Umekwisha kunisikia, Bwana."

Karani akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina. Akaandika chini yake kwamba mgombea aliyebaki amepita bila kupingwa. Kisha akageuza karatasi ya pili, ya uthibitisho wa upelelezi: mtu huyu na mtu wa daftari la gereza ni yule yule. Ilitaka saini ya mpelelezi. Sebastiani akaisoma mara tatu akitafuta pa kushika, asipate. Akatia saini.

Nje, Bakary alipotokeza barazani, wale wawili wakasimama kwa pamoja.

"Shikamoo," akasema Mchopa, na mdogo wake akafuata.

"Marahaba, wanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Mmekula?"

"Bado."

"Twendeni nyumbani. Moza atatupikia."

Wakashuka ngazi, Bakary katikati. Sebastiani alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hajui aende wapi. Mchopa akamwona, akawaacha wenzake, akarudi ngazi mbili.

"Bwana Sajini, mama anakusalimu sana. Anasema siku ukifika tena Milola, pita nyumbani ule chakula. Ila lile swali lako anaomba ulimalize huku huku Lindi."

"Nimelimaliza," akasema Sebastiani.

"Alhamdulillahi," akasema Mchopa, akawafuata wenzake.